Ifahamu shule ya wakimbizi wa Msumbiji iliyofungwa kwa vurugu Dar

Mwaka 1963 Dar es Salaam ilipata shule mbili za watoto wa kigeni. Moja ni International School of Tanganyika, iliyopokea watoto wa mabalozi na wataalamu kutoka nje, na ipo hadi leo. Nyingine haipo tena. Iliitwa Taasisi ya Msumbiji, ilikuwa Kurasini, na wanafunzi wake walikuwa wakimbizi.

Baadhi yao walifika kwa kupitia Mtwara. Wamakonde wanaishi ng'ambo zote mbili za Mto Ruvuma, na kabla ya vita wengi walishazoea kuvuka kuja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Juni 16, 1960, askari wa Kireno waliua watu waliokusanyika Mueda. Septemba 25, 1964, FRELIMO ikaanza vita Cabo Delgado, na maelfu wakavuka mto na familia zao. Wengine walipelekwa kambi ya Rutamba, Lindi ya sasa.

Aliyetaka sekondari ilibidi aende Dar, safari ya zaidi ya kilomita 500. Na enzi hizo hapakuwa na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Masika yakikolea, Rufiji hapapitiki.

Mkuu wa taasisi alikuwa Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa rais wa FRELIMO, Dk. Eduardo Mondlane. Mwanzo palikuwa bweni tu: vijana wanalala pale, wanasoma shule nyingine za mjini. Baadaye ikawa sekondari kamili, na wauguzi nao wakafunzwa. Hela za kuanzia zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikaja juu, mfadhili akajitoa, ndipo Sweden na nchi jirani zake zikashika nafasi hiyo.

Sasa, shule hii ilikuwa ya nini hasa? Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kwa viongozi, kusoma kulikuwa sehemu ya vita. Mwanafunzi alitakiwa awe tayari kukatisha masomo, arudi ndani ya Msumbiji akapigane au akafundishe. Wanafunzi wengi waliona tofauti: wao walitaka wamalize, wapate nafasi za chuo ng'ambo. Ugomvi mwingine ulikuwa wa lugha. Masomo yalikuwa kwa Kireno, wakati nafasi za Marekani zilitaka Kiingereza. Tena walimu kadhaa walikuwa Wareno weupe waliojiunga na FRELIMO. Kijana aliyekimbia risasi za Wareno kukuta Mreno mbele ya ubao, si jambo dogo, hata kama mwalimu huyo alikuwa upande wake.

Padri Mateus Gwenjere, aliyefika Dar mwaka 1967, akawaunga mkono wanafunzi. Machi 1968 vurugu zikalipuka bwenini na shule ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi walikimbilia Kenya. Walimu weupe nao wakaondolewa nchini na serikali ya Tanzania. Mei, ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa na kada wake, Mateus Muthemba, akauawa. Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu la kifurushi Februari 3, 1969.

Masomo hayakufa, yalihama. FRELIMO ilifungua sekondari Bagamoyo mwaka 1970, na watoto wadogo walisomeshwa Tunduru. Mtwara kulikuwa na hospitali ya chama, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani. Bagamoyo ndiko alikofundisha Graça Simbine, ambaye leo dunia inamjua kwa jina la Graça Machel.

Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, zaidi ya asilimia 90 ya watu wake hawakujua kusoma wala kuandika. Graça akawa waziri wa elimu. Lugha ya darasani ikabaki Kireno.