Tundu, Uzi wa Fedha na Nauli ya Treni

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwenye mwembe. Ataonyeshwa mnara, ataambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, atapiga picha, basi, twende mjini tukale migebuka. Mimi sina ugomvi na mwembe. Ila nakumbuka kwamba yule mzee alikuwa daktari, na alifika Ujiji akitokea Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, ambako Julai ya mwaka huohuo aliona watu wa biashara ya utumwa wakimimina risasi sokoni, na wengi waliokufa walikuwa wanawake. Daktari, mwanamke, mtumwa. Ipo tiba moja ambayo historia yake imejengwa juu ya maneno hayo matatu, na kwenye matembezi yetu ya mwembeni haitajwi.

Nazungumzia fistula, yaani nasuri ya uzazi. Ndugu msomaji, usikunje uso. Mama anashikwa na uchungu, mtoto hapiti. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama inakufa. Baadaye ile nyama inabanduka, panabaki tundu. Mara nyingi mtoto naye amezaliwa mfu. Tangu hapo mkojo unavuja usiku na mchana, hauna ruhusa wala saa. Mume anahama chumba, halafu anahama nyumba. Majirani watasema karogwa. Huko Ulaya na Marekani ugonjwa huu umekuwa adimu kwa sababu mama aliyekwama anapasuliwa mapema. Kwetu bado una wenyewe.

Sasa tuvuke bahari, maana tiba yake ilianzia mbali. Mwaka 1845, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alianza kuwapasua wanawake watumwa wenye fistula, katika kijihospitali alichokijenga uani kwake. Majina matatu tunayo: Anarcha, Lucy na Betsey. Wengine hawakuandikwa. Shida ya ugonjwa huu ilikuwa kwamba tundu lenyewe halionekani, liko ndani gizani. Sims alipinda mpini wa kijiko, akamweka mgonjwa kwa magoti, hewa ikaingia, njia ikafunguka, akaliona. Kumbe hakuna haja ya kufungua tumbo! Mlango aliouweka Mungu unatosha.

Lakini kuona ni jambo moja, kuziba ni jingine. Nyuzi za hariri zilileta usaha, kidonda kikaachia tena na tena. Mwishowe akajaribu uzi wa madini ya fedha, na mwaka 1849 tundu la Anarcha likafunga. Ilikuwa mara yake ya 30 kupasuliwa. Thelathini, bwana! Tena bila dawa ya usingizi, ingawa etha ilikwisha onyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Madaktari waliokuwa wakimsaidia Sims walichoka wakaondoka, ndipo wale wanawake wenyewe wakawa wanashikana na kumsaidia kazi, leo mgonjwa, kesho muuguzi.

Wapo wanaomtetea. Eti wagonjwa wenyewe walitaka kupona. Kupona walitaka, nani hataki? Lakini mtu ambaye kisheria hana haki ya kusema hapana, ndiyo yake tuipime kwa mizani gani? Sims alipata sifa, akafungua hospitali ya wanawake New York mwaka 1855, akasimamishiwa sanamu. Sanamu hiyo iliondolewa Central Park Aprili 2018. Mwaka 2021 msanii Michelle Browder akawachongea wale watatu sanamu zao palepale Montgomery. Ilichukua zaidi ya miaka 170.

Elimu hiyo ilikuja Afrika na kukutana na mtu ambaye napenda zaidi habari zake. Madaktari wawili, mke na mume, Catherine na Reginald Hamlin, walifika Ethiopia mwaka 1959, na baadaye wakafungua hospitali ya fistula Addis Ababa. Mwaka 1962 aliletwa kwao msichana wa kijijini asiyejua kusoma, Mamitu Gashe, naye akiwa mgonjwa. Baada ya matibabu hakurudi kwao. Alianza kwa kutandika vitanda, akapanda cheo kuwapa madaktari vifaa, hatimaye akashika kisu mwenyewe, akawafundisha hata wenye digrii zao. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji huko London kikampa medali ya dhahabu pamoja na akina Hamlin. Anarcha naye alisaidia upasuaji, medali hakupewa.

Leo kazi yenyewe mara nyingi hufanyika hivi: sindano ya mgongo, mgonjwa yu macho, daktari anapitia njia ya uzazi, anatenganisha kibofu na uke, anashona. Mpira wa mkojo unakaa wiki mbili hivi. Tumbo halina kovu, na hilo si dogo kwa mwanamke anayerudi kwenye jembe na ndoo ya maji. Matundu mengine yako juu mno, hayafikiki kwa njia hiyo. Hapo zamani lilikuwa tumbo tu. Siku hizi ipo kamera inayoingizwa kwa matundu madogo, na hilo halikuishia Ulaya: katika hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, Dk. Denis Mukwege ameshirikiana na Mbelgiji Guy-Bernard Cadière kuwatibu wanawake kwa njia hiyo. Bukavu si mbali nasi. Maji ya ziwa lake yanatelemka kwa mto Ruzizi mpaka huku Tanganyika.

Lakini kisu kiwe chepesi namna gani, mgonjwa lazima akifikie. Mama wa Kagunga au Kalya aliyekwama usiku anangoja boti, na boti inangoja mafuta na upepo utulie. Kuanzia mwaka 2006 upasuaji wa kujifungua ulianza kupelekwa kwenye vituo vya afya vya mkoa wetu, na hiyo ndiyo kinga. Kwa aliyekwisha umia, reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Nani atampa siti mtu anayenuka mkojo, na nauli ataitoa wapi? Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-PESA. Mtu wa karibu na mgonjwa, waliyemwita balozi, alipokea pesa kwenye simu yake, akakata tiketi, mama akapanda treni.