Nani Alivumbua Mashua ya Uokoaji? Kisa cha Gini Mbili

Leo sitaandika juu ya Java wala PHP, ila mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba hatukutoka nje ya kazi yetu. Nataka kuwasimulia juu ya mashua.

Sisi waandishi wa programu tuna mabishano mawili yasiyoisha. La kwanza: kitu kikifaulu, sifa ni za nani? Za mwenye wazo, au za aliyekaa chini akaliunda likafanya kazi? La pili ni zito zaidi: wazo zuri likiachwa nje ya toleo la kwanza, nani atalikumbuka baadaye? Nilidhani haya ni mambo ya enzi ya tarakilishi. Kumbe Waingereza waliyabishania zaidi ya miaka 200 iliyopita, na kwao hayakuwa mchezo. Watu walikufa.

Twende South Shields, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, pale mto Tyne unapoingia baharini. Karne ya 18 mto huo ulijaa meli za makaa ya mawe. Shida ilikuwa mlango wenyewe. Pana mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji, mojawapo likiitwa Herd Sand, na upepo wa baharini ukivuma kwa nguvu, meli husukumwa juu yake na kupigwa na mawimbi hadi ivunjike.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1789 kwa meli iliyoitwa Adventure. Ilikwama karibu kabisa na pwani. Maelfu ya watu walisimama ufuoni wakitazama mabaharia waking'ang'ania kamba na milingoti, kisha wakianguka mmoja mmoja baharini. Hakuna aliyethubutu kwenda kuwatoa. Si kwamba watu wa pale walikuwa waoga, maana wengi wao walikuwa mabaharia wenyewe. Walijua tu kwamba mashua ya kawaida ingejaa maji kabla ya kufika.

Baada ya msiba huo kundi la wenyeji wenye uwezo liliunda kamati na kutangaza shindano. Zawadi: gini 2 kwa atakayeleta muundo bora wa mashua isiyozama. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hiyo msidhani ni utajiri.

Mmoja wa walioshindana aliitwa William Wouldhave. (Wanaojua Kiingereza mshacheka. Jina hilo ni kama kumwita mtu "Angekuwa Na". Maskini, lilimfaa.) Alikuwa mpaka rangi nyumba na karani wa kanisa, mtu wa kupenda kuchezea vitu kwa mikono yake. Husimuliwa kwamba siku moja alimkuta mwanamke akichota maji, na ndani ya chombo chake kulikuwa na kipande cha bakuli la mbao kikielea. Wouldhave alikigeuza kifudifudi. Kikajigeuza chenyewe na kukaa sawa. Akakipindua tena. Kikajigeuza tena. Kama umewahi kuchezea kipande cha kifuu mtungini utaelewa: kilikuwa kimepinda, ncha mbili juu, uzito chini katikati, kwa hiyo hakikuweza kutulia kikiwa kimelala kichwa chini.

Kutokana na hilo Wouldhave alitengeneza kielelezo kidogo cha bati. Ncha zake mbili ziliinuka na zilikuwa na uwezo mkubwa wa kuelea, na ukikipindua kilirudi chenyewe. Kamati ilikitazama, ikajadili, ikaamua hakuna aliyestahili zawadi yote. Wouldhave alionekana anastahili nusu. Gini 1.

Kisha kamati ikachukua mawazo yaliyopatikana, ikaongeza ya kwake, na kazi ya kuunda mashua yenyewe ikapewa fundi wa hapo mjini, Henry Greathead. Naye hakuwa mtu wa kufuata mchoro tu. Ndiye aliyependekeza mkuku uliopinda, ule uti wa chini wa chombo, na mashua ikawa na umbo la mwezi mwandamo. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 9, omo na tezi zikiwa za umbo moja ili isilazimike kugeuka katikati ya mawimbi, na ilivishwa karibu kilo 350 za lile ganda jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Iliitwa Original, na ilitoka kuokoa watu kwa mara ya kwanza tarehe 30 Januari 1790.

Ilifanya kazi. Ilidumu miaka 40, hadi ilipovunjika mwaka 1830. Greathead aliunda nyingine zaidi ya 30 kwa ajili ya bandari mbalimbali, na hapa ndipo nilipompenda: hakuchukua hataza. Michoro yake alikuwa tayari kumpa yeyote kwa faida ya umma. Hiyo ni programu huria, ndugu zangu, karibu miaka 200 kabla ya Linux!

Mwaka 1802 Bunge la Uingereza lilimpa Greathead pauni 1,200. Kelele zikaanza. Watetezi wa Wouldhave walisema wazo liliibwa. Naye Lionel Lukin, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, alikumbusha kwamba yeye alikuwa na hataza ya mashua isiyozama tangu 1785, yenye visanduku vya hewa na mkuku wa chuma, na kwamba mwaka 1786 mashua moja ya Bamburgh ilibadilishwa kwa njia yake. Hivyo kulikuwa na mwenye hataza, mwenye wazo na mwenye toleo lililotoka. Hadi leo kaburi la Lukin kule Hythe linamtaja kuwa wa kwanza, na kaburi la Wouldhave kule South Shields linamtaja yeye kuwa mvumbuzi.

Pesa hazikumkaa hata aliyezipata. Greathead alifilisika mwaka 1807. Wouldhave alikufa maskini mwaka 1821.

Mabishano hayo ya sifa yanafurahisha, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Tazameni tena orodha ya sifa za Original. Ilielea vizuri. Ilipita kwenye mawimbi. Lakini ile sifa moja ya kielelezo cha bati, yaani kujigeuza ikipinduka, haikuwamo.

Tarehe 4 Desemba 1849 meli iitwayo Betsy ilikwama pale pale, Herd Sand. Mashua ya uokoaji Providence ilitoka kuifuata ikiwa na watu 24, wote marubani, na rubani hapa si wa ndege bali ni yule mjuzi wa mlango wa bandari anayeziongoza meli kuingia na kutoka. Hawa walikuwa watu waliojua kila wimbi la mahali hapo. Providence ilipinduka, na haikujigeuza. Walikufa 20.

Ulikuwa mji ule ule na fungu lile lile la mchanga, miaka 60 baada ya karani wa kanisa kuweka mbele ya kamati kipande cha bati kilichokataa kulala kichwa chini.

Msinielewe vibaya. Siilaumu kamati kwa kuunda toleo la kwanza bila sifa hiyo. Watu walikuwa wanakufa mbele ya macho yao, na mashua iliyokuwapo, hata yenye upungufu, ilikuwa bora kuliko mashua kamili ya kufikirika. Original iliokoa mamia ya watu. Nami ningefanya vivyo hivyo: toa kinachofanya kazi. Lililokosewa ni lililofuata. Mashua ilifaulu, watu wakazoea kufaulu kwake, na ile kazi iliyobaki ikawa si kazi ya mtu yeyote.

Msiba wa Providence ndio uliowaamsha watu. Mtawala wa Northumberland, Algernon Percy, alitangaza zawadi ya gini 100 kwa muundo bora zaidi. Safari hii walileta vielelezo na michoro 280, na mwaka 1851 mshindi akawa James Beeching wa Great Yarmouth, kwa mashua inayojigeuza. James Peake, wa karakana ya meli za kijeshi ya Woolwich, akaiboresha. Shirika la uokoaji lililoanzishwa na Sir William Hillary tarehe 4 Machi 1824 lilikuwa limezorota. Likafufuliwa, likapata jina la RNLI mwaka 1854, na mashua za kujigeuza zikaenea pwani nzima.

Je, tatizo likaisha? Hapana, na hili nalo mtalitambua. Tarehe 9 Desemba 1886 meli ya Kijerumani, Mexico, ilikwama karibu na Southport. Mashua tatu za kujigeuza zilitoka. Ile ya Lytham iliwaokoa mabaharia wote 12. Ile ya Southport ilipinduka ikabaki imepinduka, wakafa 14 kati ya 16. Ile ya St Annes ilikutwa kifudifudi ufuoni, na wote 13 walikuwa wamekufa. Ni jumla ya waokoaji 27 kwa usiku mmoja. Chombo kilichofaulu majaribio yote bandarini kilikutana na bahari ambayo hakuna aliyeijaribia. Mafundi wakarudi mezani. Leo mashua kubwa za RNLI zinazohimili hali zote za hewa hujigeuza zenyewe, lakini ilichukua vizazi vya kurudi mezani.

Ukifika Uingereza unaweza kujionea. Mjini Redcar ipo Zetland, iliyoundwa na Greathead mwaka 1802, mashua ya uokoaji ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Iliokoa watu zaidi ya 500. South Shields ipo Tyne, ya mwaka 1833, iliyookoa watu 1,028. Kando yake kuna mnara wa saa uliojengwa mwaka 1890 kwa heshima ya Wouldhave na Greathead kwa pamoja. Mji uliamua kuwagawia sifa, na nadhani uliamua vyema, ingawa ulichelewa kwa wote wawili.

Nami nimerudi kwenye orodha yangu ya kazi ile iitwayo "toleo lijalo". Ina mambo ya miaka mitatu. Mengine ni mapambo tu, yanaweza kungoja hadi kiama. Lakini yapo mawili matatu ambayo nikiyasoma sasa naona ni mashua isiyojigeuza, inayoelea vizuri kwa sababu tu bahari haijachafuka. Wikendi hii nitaanza na hayo. Nawe fungua yako uangalie :-)