Kutoka Uani hadi Kitandani: Mbwa, Nyumba na Lugha katika Historia ya Kigali

Utangulizi

Swali la mahali anapolala mbwa laweza kuonekana dogo mno kwa mtafiti wa historia. Hata hivyo, katika jiji la Kigali swali hilo limebeba mambo mazito: dini iliyoingia na misafara ya pwani, ukoloni, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na sasa tabaka la wakazi wapya wa mjini wanaofuga mbwa ndani ya nyumba, baadhi yao wakimruhusu kulala kitandani. Katika mitaa kama Nyarutarama na Kimihurura jambo hili halishangazi tena kama zamani, ingawa kwa wakazi wengi wa jiji lingali kinyaa, na kwa baadhi ni jeraha.

Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo kupitia maneno. Hoja yake ni kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu mbwa uliundwa na jamii zilizomweka mbwa nje ya mlango, na kwamba msamiati huo unapotumiwa leo katika mawasiliano ya afya ya umma, humwacha nje ya onyo mtu yule anayelala na mbwa wake chumba kimoja. Tangu Rwanda ilipoifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, upungufu huo si wa wanaisimu peke yao.

Neno la kale, upatanisho mpya

Neno lenyewe ni la kale. Mbwa kwa Kiswahili, imbwa kwa Kinyarwanda na Kirundi, embwa kwa Kiganda: ni shina moja ambalo wanaisimu hulirudisha hadi Bantu-Mame. Wasemaji wa lugha hizi walikuwa na mnyama huyu kabla hawajatawanyika, wala hawakuhitaji kumkopea jina kwa Mwarabu au Mzungu.

Tofauti inaonekana katika upatanisho wa kisarufi. Kinyarwanda humweka mbwa katika ngeli yake ya kimofolojia, naye hupatana kama vitu vingine vya ngeli hiyo. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, humpa kila kiumbe chenye uhai upatanisho wa mtu: mbwa amelala, mbwa mkali, mbwa wangu. Mwalimu wa Kiswahili wa Kigali hutumia wino mwingi mwekundu kusahihisha "mbwa inalala", sentensi ambayo mwanafunzi ameijenga kwa mantiki kamili ya lugha yake ya kwanza, na ambayo kwa jirani zake wa Goma na Bukavu haina kosa lolote. Kwenye malango ya nyumba za Nairobi bado yasomeka maandishi "Mbwa Kali", masalia ya Kiswahili cha walowezi na watumishi wao. Maandishi hayo ni ushahidi wa kihistoria kwa njia mbili. Yanaonyesha sarufi ya bara iliyopuuza uhai wa mnyama, na yanaonyesha kazi aliyopewa mbwa katika mji wa kikoloni: kuwazuia watu weusi wasiingie kwenye ua wa watu weupe.

Msamiati mwingine wafuata mkondo huohuo. Mbwa koko ni yule asiye na mwenyewe. Kitenzi kufuga humweka mbwa zizi moja na ng'ombe na kuku. Istilahi "mnyama kipenzi" ni changa, na masikioni mwa wengi ingali na harufu ya tafsiri. Tena, kuna ugumu ambao wafasiri huuruka kimyakimya: "kulala na" katika Kiswahili ni tasfida ya tendo la ndoa. Mtu anayetaka kusema kwamba mbwa wake hulala kitandani mwake hulazimika kuizunguka sentensi, asije akaeleweka vibaya. Lugha haikuandaa njia ya moja kwa moja ya kulisema jambo hili kwa sababu haikutarajia lisemwe.

Mwindaji, msikiti na kizingiti

Katika Rwanda ya kale mbwa alikuwa kwanza mnyama wa uwindaji. Masimulizi ya mfalme Ruganzu Ndori humtaja akiandamana na mbwa wake, na huko Rulindo wageni huonyeshwa mwamba ambao wenyeji husema una alama za nyayo za mfalme na za mbwa. Kwa hiyo hadhi ya mbwa haikuwa ya chini kwa kila hali: aliweza kuingia katika historia ya ufalme, ilimradi aingie kama mwindaji. Katika misitu ya Maziwa Makuu na Kongo mbwa wa uwindaji walifungwa kengele shingoni, na sauti ya kengele hizo ndiyo iliyomwarifu mwindaji mnyama yu wapi.

Mji wa Kigali ulianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha hapo makao ya utawala. Pamoja na utawala huo walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu, wakaweka makazi ambayo kizazi chake ni Biryogo na Nyamirambo ya leo. Hapa Kiswahili kiliingia pamoja na fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayotawala pwani ya Afrika Mashariki na inayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki hawana msimamo huo. Kwao mbwa si najisi kwa dhati yake. Laiti Uislamu wa Kigali ungalifika kwa njia ya Afrika Magharibi badala ya Zanzibar na Tabora, huenda mazungumzo ya leo yangalikuwa tofauti kidogo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Kurani yenyewe ina mbwa aliyelala pamoja na watu. Katika kisa cha Watu wa Pangoni, mbwa wao yumo katika usingizi wao wa miaka mingi, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Yu pamoja nao, lakini yuko mlangoni. Taswira hiyo ya kizingiti inaeleza vizuri zaidi msimamo wa Waswahili wengi kuliko madai ya jumla kwamba wanamchukia mbwa.

Mwaka 1994

Hakuna historia ya mbwa wa Kigali inayoweza kuruka miezi ya Aprili hadi Julai 1994. Maiti zilitapakaa barabarani, na mbwa waliokosa wenyewe wakazila. Wanajeshi wa RPF waliwapiga mbwa risasi, na askari wa Umoja wa Mataifa wakafanya vivyo hivyo kwa sababu za kiafya. Filamu ya 2005 iliyopewa jina la Shooting Dogs, na inayohusu shule ya ETO Kicukiro ambako askari wa Ubelgiji waliwaacha maelfu ya watu waliokimbilia kwao tarehe 11 Aprili 1994, ilichukua jina lake kutokana na kinaya hicho: risasi zilipatikana kwa ajili ya mbwa waliokula maiti, hazikupatikana kwa ajili ya wauaji. Wageni waliofika Rwanda katika miaka iliyofuata walistaajabia nchi ambamo mbwa hawasikiki wakibweka usiku.

Kuna kumbukumbu ya pili, isiyotajwa sana katika mijadala ya kitaaluma. Raia wa kigeni walipohamishwa katika siku za kwanza za mauaji, baadhi waliondoka na mbwa wao, huku wafanyakazi wao Wanyarwanda wakiachwa nyuma. Manusura na waandishi wa habari wamelieleza jambo hili mara nyingi. Katika kumbukumbu hiyo mbwa wa kitandani ana rangi na uraia: ni mbwa aliyepata nafasi kwenye gari ambalo binadamu aliikosa. Mshauri wa sera anayeshangaa kwa nini mzee wa Kicukiro anakunja uso aonapo mbwa amebebwa mikononi, na anayeuita mkunjo huo ushamba, hajaisoma historia ya mji anaoushauri.

Kinachosemwa kuwa si cha Kiafrika

Lakini historia hiyo haihalalishi dai la upande wa pili, linalosikika mara kwa mara katika mijadala ya kanda, kwamba kulala karibu na mbwa ni uzungu mtupu. Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya wameishi na mbwa ndani ya makazi yao kwa muda mrefu. Mbwa huwa karibu na watoto wachanga, huwalamba na kuwasafisha, na hulala walipolala watu. Gharama yake inajulikana. Turkana imerekodi viwango vya ugonjwa wa uvimbe wa hidatidi vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na shirika la AMREF lilianza huko mradi wa kuudhibiti mwaka 1983. Ukaribu wa kimwili kati ya mbwa na binadamu, basi, una mizizi Afrika Mashariki. Madhara yake hutegemea minyoo na chanjo, wala hayaulizi desturi hiyo ilitoka bara gani.

Kwa Kigali, hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa, ambacho Kinyarwanda nacho hukiita kwa jina la mnyama huyuhuyu, ibisazi by'imbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Ukiachwa hadi dalili zionekane, tiba huwa imechelewa. Chanjo ya angalau asilimia 70 ya mbwa ndiyo kiwango kinachokubalika cha kukata mnyororo wa maambukizi, na lengo la kimataifa ni kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa ifikapo 2030.

Hapa ndipo lugha inapodai haki yake. Ujumbe wa afya kwa Kiswahili umezoea kusema "ukiumwa na mbwa" na "mbwa wa mitaani". Maneno haya yanamwona mbwa njiani, meno wazi. Virusi, hata hivyo, vimo katika mate, na vyaweza kupita kwenye mchubuko uliolambwa, kwenye jicho au mdomoni. Mtoto wa Kacyiru anayelala na kijibwa ambacho hakijachanjwa, kikamlamba kidonda cha goti usiku, hajaumwa na mbwa wala hajakutana na mbwa wa mitaani. Mama yake akisoma bango lililobandikwa zahanati hataona kwamba linamhusu. Hatajua kwamba anapaswa kuliosha goti hilo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kumpeleka mtoto hospitali siku ileile.

Sheria ya Rwanda ya 2008 kuhusu kuzuia na kupambana na magonjwa ya kuambukiza ya mifugo imekwisha kuweka msingi wa kisheria, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ina dhima ya kukuza lugha katika kanda nzima. Kinachokosekana ni kazi ndogo ya istilahi kati ya madaktari wa mifugo na wanaleksikografia: kuukubali msemo "mbwa wa ndani" ambao watu wameanza kuutumia wenyewe, kuongeza "kulambwa" na "kukwaruzwa" kando ya "kuumwa" katika kila tangazo, na kuyajaribu matangazo hayo Nyamirambo na Nyarutarama kabla hayajachapishwa, kwa kuwa neno linalomtuliza msomaji wa mtaa mmoja laweza kumtia kichefuchefu wa mtaa wa pili.