Fahamu jinsi seli shina zinavyozima king'ora cha mwili

MWANAFUNZI yeyote aliyesoma baiolojia ya sekondari anaifahamu ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Iligunduliwa mwaka 1929 na mwanakemia wa Ujerumani, Karl Lohmann, na kwa miaka mingi ikachukuliwa kuwa ni mfano wa mafuta ya injini, basi.

Mwaka 1972 Profesa Geoffrey Burnstock, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Melbourne, Australia, alichapisha hoja kwamba ATP hutolewa pia nje ya neva ili kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Wanasayansi wengi walimpinga. Iliwawia vigumu kuamini kwamba seli inaweza kumwaga nje akiba yake ya nishati. Mabishano yalipoa katika miaka ya 1990, baada ya vipokezi vya ujumbe huo kutambuliwa kimoja baada ya kingine. Burnstock alifariki dunia mwaka 2020. Leo inajulikana kuwa klopidogreli, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa moyo ili damu isigande, hufanya kazi kwa kuziba kipokezi kimojawapo cha jamii hiyo.

Jambo la msingi ni kwamba ndani ya seli ATP ni nyingi mno, ilhali nje yake karibu haipo. Seli inapopasuka kwa jeraha au maradhi, ATP humwagika, na seli za jirani huipokea kama king'ora cha hatari. Seli za kinga hukimbilia mahali hapo, na ndipo penye jeraha panapovimba na kuuma.

King'ora hicho hakiwezi kuachwa kilie daima. Juu ya utando wa seli mbalimbali kuna vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kwa zamu. Cha kwanza, CD39, huikata ATP hadi ibaki AMP. Cha pili, CD73, huondoa fosfati ya mwisho, ikabaki adenosini. Ujumbe wa adenosini ni kinyume kabisa cha ule wa awali, kwani huziamuru seli za kinga zitulie. (Adenosini hiyo hiyo huleta usingizi katika ubongo, kahawa hutuchangamsha kwa kuviziba vipokezi vyake.)

Hapa ndipo zinapoingia seli shina za mesenkaima, ambazo hupatikana katika uboho, mafuta ya mwili na kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba za seli kiliweka vigezo vya kuzitambua, na CD73 ikawa miongoni mwa alama tatu ambazo ni lazima zionekane. Alama iliyowekwa kama kitambulisho imedhihirika kuwa pia ni nyenzo ya kazi, kwani kwayo seli hizi huzalisha adenosini na kuituliza kinga. Tafiti za maabara zinaonyesha pia kuwa ATP na adenosini huchangia kuamua kama seli shina itaelekea kuwa mfupa au mafuta.

Arnold Caplan wa Marekani, aliyezipa jina hilo mwaka 1991, alipendekeza mwaka 2017 liachwe. Hoja yake ilikuwa kwamba seli hizi huponya zaidi kwa kutuma ujumbe kuliko kwa kugeuka kuwa kiungo kipya, na kwamba neno "shina" linawapotosha wagonjwa.

Onyo hilo lina uzito. Katika nchi nyingi zipo kliniki zinazouza sindano za seli hizi kwa fedha nyingi, zikiahidi goti au uti wa mgongo mpya. Nchini Marekani, tiba ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Desemba 2024 pekee, nayo ni ya watoto ambao seli walizopandikiziwa zinaushambulia mwili wao na dawa za steroidi zimeshindwa kuwasaidia. Hailengi kuotesha kiungo chochote.

Utulivu huo nao una hatari yake. Uvimbe wa saratani za aina kadhaa hubeba CD73 kwa wingi, ukajizungushia adenosini ili seli za kinga zisiushambulie. Kwa sababu hiyo, dawa za kukiziba kimeng'enya hicho zimekuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.