Kihami joto cha majengo
Kihami joto ni tabaka la pamba ya kioo, povu la plastiki au nyuzi za mimea linalopunguza upitaji wa joto kwenye kuta na paa. Katika nchi za baridi huokoa fedha na fueli nyingi: kiwango cha ujenzi cha Passivhaus, ambacho jengo lake la kwanza lilijengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, huruhusu kilowati-saa 15 tu za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Pwani ya Afrika Mashariki tatizo kubwa ni jua linalopiga bati, hivyo cha kwanza kukingwa ni paa, na madirisha ya kupitisha upepo bado ni ya lazima. Makuti huikinga nyumba vizuri kuliko bati tupu, ila hushika moto upesi. Vihami navyo vina kasoro: baadhi ya mapovu ya plastiki hutengenezwa kwa gesi zinazoongeza joto duniani.