Muziki Ulionijia kwa Maandishi

Wako watu walioupata muziki kwa masikio, na tuko tulioupata kwanza kwa macho. Mimi ni wa fungu hilo la pili, wala sioni haya kulisema, maana nadhani tu wengi kuliko tunavyohesabiwa. Kwetu ni Titye, kata iliyomo katika wilaya ya Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha yenye vilima, migomba na baridi ya alfajiri. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa kijana, santuri tulizisikia kwa jina tu. Redio ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani zipate uhai wa jioni moja zaidi. Usiku Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuja ikipanda na kushuka, kama mtu anayezungumza huku akivuka mto, na aghalabu sauti za Bujumbura na za Zaire ziliimeza.

Ndiyo sababu mwimbaji wa kwanza niliyemjua kwa dhati nilimjua bila kumsikia. Alikuwa Siti binti Saad, nami nilikutana naye katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, nakala isiyo na jalada, mali ya jirani mmoja aliyesoma kisomo cha watu wazima. Nilikisoma kitabu kile mara tatu mfululizo. Sauti yake sikuisikia ila miaka mingi baadaye, na katika muda huo wote nilimtungia sauti yangu mwenyewe kichwani, sauti ya mwanamke wa Kiha aitaye watu shambani kutoka kilima cha pili.

Habari zake wengi wa visiwani wanazijua, lakini na zisemwe tena kwa ajili ya walio mbali. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa imekwisha kukaa katika jumba la kifalme tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyeichukua Misri, na ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa ilikuwa imeundwa mwaka 1905 na waungwana wa mjini. Siti, pamoja na wenzake Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban, aliiimba kwa Kiswahili, akatia ndani yake kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa na misiba ya wanyonge. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay, wakaimbia santuri za His Master's Voice. Alifariki mwaka 1950. Waliomwonea choyo walimdhihaki kwa asili yake na kwa vyungu vyake, naye aliwajibu kwa utungo kuwa sifa ya mtu ni akili.

Katika habari hizo zote, neno lililonikamata lilikuwa dogo. Shaaban Robert anaeleza kuwa baba yake Siti alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Nililirudia neno hilo. Unyamwezi ni jirani yetu. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianza Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, na kutoka huko majahazi yalivusha watu Unguja. Tulifundishwa shuleni kuwa ustaarabu ulipanda kwetu kutoka pwani kwa njia ile. Hakuna aliyetuambia kilichoteremka. Kumbe damu na koo za watu wa bara ziliteremka pia, na miongoni mwao wakatoka wazazi wa mwanamke aliyeupa mwambao wote sauti yake. Mimi niliyedhani ninasoma habari za mbali nilikuwa ninasoma habari za njia ipitayo mlangoni petu.

Njia hiyo haikufa misafara ilipokufa. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo vijana wa Kiha walipelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alirudi na blanketi, kikohozi, na nyimbo za lugha asizozijua, alizojifunza kambini usiku kwa Wamakonde, Wanyamwezi na watu wa Nyasa. Aliziimba akichonga mipini, akiyavunja maneno bila kujua anayavunja. Nilizoea kumcheka. Nilipomaliza kitabu kile niliacha, ila sikupata akili ya kuziandika nyimbo zake, naye akafa nazo.

Kitabu cha pili kilinijia kwa njia ya msiba wa majirani. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakamiminika mpakani kama walivyomiminika mwaka 1972. Wilaya za Kasulu na Kibondo zikawa nchi ya kambi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, nami nilikuwa nimejifundisha Kiingereza kwa kamusi. Basi nikapata kibarua cha ukalimani. Mfanyakazi mmoja wa kigeni, alipokuwa akifungasha arudi kwao, aliniachia vitabu vitatu. Kimoja kilikuwa kumbukumbu za maisha ya Billie Holiday, Lady Sings the Blues, kilichotoka mwaka 1956, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Nilikisoma kwa kandili, kurasa nne au tano kwa usiku, nikiandika maneno magumu pembeni. Humo nilikutana na binti aliyefagia na kusugua nyumba za watu ili asikilize santuri ndani ya nyumba zao, na mwimbaji aliyesimama mbele ya wazungu kuwaimbia habari ya watu weusi walionyongwa mitini. Strange Fruit aliurekodi mwaka 1939. Nilijua yaliyosemwa na wimbo ule kabla ya kujua unakwendaje.

Baadaye nilisoma kuwa watafiti wamekikosoa kitabu hicho. Anasimulia ndoa ya wazazi wake, ilhali wazazi hao hawakuoana. Tena hakukiandika peke yake. Kalamu ilikuwa ya mwandishi wa gazeti, William Dufty. Nilifadhaika kama mtu aliyegundua kuwa rafiki alimdanganya. Kisha nikamsoma Louis Armstrong, aliyesema siku zote kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya taifa la Marekani. Baada ya kufa kwake mwaka 1971 ilionekana katika daftari la ubatizo la kanisa la New Orleans kuwa alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Daftari lenyewe lilimwandika kwa neno la rangi yake na kwa neno la kuwa mwana wa nje ya ndoa.

Hapo nikaanza kuelewa. Siti tunasema alizaliwa yapata mwaka 1880. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, alifariki Aprili 2013 bila mtu kuweza kuuthibitisha umri wake; filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 juu ya maisha yake ilichukua jina As Old as My Tongue, yaani nina umri wa ulimi wangu. Hawa wote walizaliwa mahali ambapo kuzaliwa kwao hakukuwa habari. Aliyeandikwa na wengine kwa dharau, au asiyeandikwa kabisa, apatapo kalamu hujiandika upya. Hilo halifanyi kila neno lake kuwa kweli, na msomaji yampasa awe macho. Hata Shaaban Robert, mpenda maadili, alimchonga Siti awe mfano wa subira na utu, na pengine alipunguza ukali wake. Lakini uongo wa mtu juu ya maisha yake nao ni ushahidi: unatuonyesha ni wapi palipomuuma.

Filamu zilinifikia mwisho kabisa, katika sahani za kuazima. Kwanza When We Were Kings ya mwaka 1996, kisha Soul Power ya mwaka 2008. Zote mbili zimetokana na picha zilizopigwa Kinshasa mwaka 1974, Muhammad Ali alipokwenda kupigana na George Foreman, na Septemba ile likafanyika tamasha la muziki la siku tatu. James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walipanda jukwaa moja na Franco na Tabu Ley. Picha hizo zilikaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya filamu ya kwanza kutoka. Na zile za tamasha la Harlem la mwaka 1969 zilikaa nusu karne, mpaka zilipotoka katika Summer of Soul mwaka 2021. Muziki haukuwa umepotea. Ulikuwa umewekwa mahali, ukingoja mtu wa kuuona kuwa una thamani.

Nilipomtazama Franco akipiga gitaa, nilizitambua sauti zilizokuwa zikiimeza redio yetu Titye. Na hapo duara likakamilika. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ile ile ya santuri iliyomrekodi Siti iliuza Afrika mfululizo wa nyimbo za Kuba, uliojulikana kwa herufi GV. Wakongo walizisikia, wakatambua mapigo ya wazee wao yaliyovushwa bahari ndani ya mashua za watumwa, wakayafanya rumba yao. Rumba hiyo ikatembea kwenda mashariki. Remmy Ongala, aliyezaliwa upande wa mashariki ya Kongo mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akawaimbia Watanzania kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na maradhi mpaka alipofariki mwaka 2010. Misafara, meli za watumwa, reli ya manamba, wakimbizi: muziki wa watu weusi umetembea kwa njia za watu walioondolewa kwao. Na nyingi za njia hizo zimekutana katika eneo letu, ambalo ramani za muziki huliacha tupu.

Nasema hayo si kwa fahari. Nina deni, na nitalitaja.

Mwaka 1994, katika kambi mojawapo, nilikaa mezani kati ya karani na foleni ya wageni. Kila mtu alikuwa na dakika chache: jina, kijiji, idadi ya watoto, kazi. Akaja mzee mmoja amefunga kitambaa kichwani, mikono mitupu. Nilipomwuliza kazi yake akajibu kuwa yeye ni mpiga inanga. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, wenye ugwe mmoja uliopitishwa huku na huku mara kadhaa. Mpigaji wake huko Burundi haimbi kwa kupaza. Hunong'ona, na nyuzi ndizo zinazobeba kupanda na kushuka kwa maneno. Mimi nilijua hayo yote. Karani akaniuliza: mkulima au mfugaji? Fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Nikasema, mkulima. Si uongo, kwa kuwa nani kwetu hana shamba? Mzee akanitazama, maana neno lile la Kiswahili alilielewa. Akasema polepole, "Mwanangu, jembe nimeliacha kwetu. Inanga nayo nimeiacha. Lakini jembe sikulililia." Kisha akapisha wengine. Jina lake sikulihifadhi.

Nimelinganisha mara nyingi meza ile na chumba cha Unguja ambamo Shaaban Robert alikaa na Siti binti Saad muda mfupi kabla ya kifo chake. Wote wawili tulikuwa na kalamu. Wote wawili tulikuwa mbele ya mtu ambaye dunia ilimwita kwa jina la kazi ya mikono: mfinyanzi, mkulima. Yeye aliuliza kuhusu sauti, akasubiri jibu. Mimi niliuliza kwa mujibu wa fomu. Kwa sababu ya swali lake, mvulana wa Titye asiye na redio alimjua Siti kwa miaka mingi bila kumsikia. Kwa sababu ya swali langu, hakuna atakayemjua mzee yule.

Hatimaye sauti ya Siti niliisikia Unguja, katika kaseti iliyonakiliwa kutoka santuri. Haikufanana hata kidogo na ile niliyoitunga. Ilikuwa nyembamba na kali, ikipenya mkwaruzo wa sindano kama mtu anayepenya umati sokoni, na dakika tatu za upande wa santuri zikaisha kabla sijazoea. Nikaelewa mipaka ya kitabu. Kitabu hakiwezi kutoa sauti. Kinaweza tu kumfanya mtu aitafute, na kwa asiye na kitu hilo si dogo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Siti aliyeitwa Mtumwa hakuiacha asili yake, na mtu mmoja alijitokeza kuiandika. Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo bado wamo wazee wenye nyimbo za mkonge na za safari. Siku hizi hata simu ya mkononi huweza kunasa sauti. Nikienda nyumbani hubeba daftari pia, na swali la kwanza siulizi kazi. Nauliza: mzee wangu, ulikuwa ukiimba nini?