Watu 12.000 wenye walifungiwa bure

Mimi ni mtu wa mashamba, lakini mangaribi nacheza michezo ya video. Zamani nikisikia mchezaji amefungiwa akaunti, nilikuwa nasema tu: alidanganya, njo maana. Kisha nikasoma habari ya Julai 2010.

Mu mchezo Modern Warfare 2, VAC, ile programu ya Valve ya kukamata wadanganyifu, ilifungia watu karibu 12.000 mu wiki mbili hivi. Adhabu ya VAC haina mwisho, na kanuni inasema ofisi ya msaada haiwezi kuitoa. Watu wakalalamika: sikudanganya! Wengine wakawacheka, ju kila mdanganyifu anasema vile.

Kumbe ilikuwa kweli. Steam ilikuwa inabadilisha faili ya mchezo ku diski, na ile ya zamani ingali mu memori. Ikalinganishwa, ikaonekana hazifanane, basi hukumu. Ni kama kungoa maharagi wakati wa kupalilia! Gabe Newell, mkubwa wa Valve, akaomba radhi, adhabu zikafutwa, kila mmoja akapewa Left 4 Dead 2 ya kupa rafiki, na mwenye hakuwa nayo akapewa yake pia.

Vizuri. Lakini ile hesabu inanisumbua. Watu 12.000 ni kelele. Kama ingekuwa mtu mmoja na barua yake moja, nani angeenda kuchungulia mu mashine?

Mu 2023 ikarudia mu Counter-Strike 2: wenye waliwasha Anti-Lag+ ya AMD wakafungiwa. Hata pale haikuwa mtu mmoja tu. Wakafunguliwa.